Mtoto, Gemu na Daftari



Swali tunaloulizwa mara kwa mara siku hizi, baada ya ibada na hata njiani, ni hili: je, mtoto anayecheza michezo ya video anapoteza wakati wake, au kuna jambo analojifunza? Mara nyingi mwenye kuuliza huwa amekwisha kujijibu. Mmoja amemtoa mwanawe kwa fimbo katika kibanda cha gemu. Mwingine amempa wake simu ili anyamaze, wala hamwulizi anafanya nini nayo. Sisi tuliopita katika chuo cha ualimu na kushika chaki kwa miaka mingi twaona kwamba wazazi hawa wawili wamefanya haraka. Yafaa kwanza tuutazame mchezo wenyewe, ndipo tutoe hukumu.

Kwamba mchezo hufundisha si habari ngeni kwetu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mchezaji huchota kete na kuzipanda moja moja, na kabla hajanyosha mkono yambidi ajue kichwani ya mwisho itaangukia shimo gani, atakula nini, na mwenzake atamjibuje. Hapo pana hesabu, kumbukumbu na subira, hata kama hakuna aliyeyaita masomo. Lakini tukumbuke jambo moja ambalo litatufaa baadaye. Barazani kijana hachezi peke yake. Hukaa kando akitazama, na asipofahamu kwa nini kete zimepita upande huu wala si ule, yuko mzee wa kumweleza.

Sasa tutoke barazani twende Marekani, kwa maana huko walimu wenyewe waliwahi kutunga mchezo wa kompyuta kwa ajili ya darasa. Mwaka 1971, katika mji wa Minneapolis, vijana watatu walikuwa katika mazoezi ya kufundisha. Don Rawitsch alifundisha historia. Wenzake wawili, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, walifundisha hesabu. Rawitsch alitakiwa kufundisha habari za wahamiaji wa karne ya 19 waliosafiri kwa magari ya ng'ombe kutoka Missouri hadi Oregon, safari ya zaidi ya kilometa 3,000. Wenzake wakamsaidia kuigeuza safari hiyo kuwa mchezo, na kwa muda wa majuma mawili hivi ukawa tayari. Haukuwa na kioo wala picha. Ilikuwa mashine ya kuchapa iliyounganishwa na kompyuta kwa waya wa simu, nayo ilichapa maswali juu ya karatasi: mtatumia fedha kiasi gani kununua ng'ombe, chakula, nguo na risasi? Aliyenunua chakula kichache aliona njaa njiani. Aliyesahau nguo aliona baridi ya milimani. Mchezo huo uliitwa Oregon Trail, na baadaye ulienea katika shule nyingi za nchi ile.

Mwalimu yeyote ataona mara moja kilichofanyika hapo. Historia, jiografia na hesabu, ambazo katika ratiba yetu hutenganishwa kwa kengele, zilikutana katika uamuzi mmoja wa mtoto. Tena miaka michache baadaye Rawitsch alisoma shajara za wasafiri wa zamani, akarekebisha mchezo ili magonjwa na hali mbaya ya hewa viwapate wachezaji kwa kadiri vilivyowapata wasafiri wenyewe.

Michezo ya siku hizi ina mambo kama hayo, ijapokuwa mingi haikutungwa na walimu. Tuchukue ule wa kandanda unaojaza vibanda vyetu. Kila mchezaji amepewa alama za mbio, za pasi na za kupiga mpira. Anayeendesha timu msimu mzima hupewa fedha za kununua wachezaji na kulipa mishahara, na akizidisha matumizi hukwama. Mtoto huyo anasoma jedwali la ligi, anatoa mabao ya kufungwa katika mabao ya kufunga, na anajua kwamba timu iliyoshinda mechi 7 na kutoka sare 4 ina pointi 25. Anatambua bendera za nchi na anasoma maneno ya Kiingereza ambayo hakuna aliyemlazimisha kuyakariri.

Au tuchukue Minecraft, mchezo uliotoka Uswidi na kukamilika mwaka 2011. Humo dunia nzima ni vipande vya mchemraba, kila kimoja kina upande wa mita moja. Mtoto huchimba, hubeba na kujenga. Vitu vingi hukaa katika mafungu ya 64, sawasawa na kete za bao. Anayetaka sakafu ya mita 9 kwa 7 ahitaji vipande 63. Fungu moja latosha na kipande kimoja kitabaki. Anayetaka chuma hutafuta mawe yenye madini, tanuri na kuni au makaa. Nairobi, ambako Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa lina makao yake makuu, mchezo huu umefanyiwa kazi ya kweli. Tangu mwaka 2012 shirika hilo na watunzi wa mchezo wameshirikiana kuwawezesha wakaaji wa mitaa kuchora wenyewe viwanja vyao kwa vipande hivyo, na Kibera ni mojawapo ya mahali hapo. Mtu asiyeweza kusoma ramani ya mhandisi aliweza kuonyesha pale anapotaka njia ipite.

Basi, je, tuwaache watoto wacheze, tukiamini kwamba masomo yatajipenyeza yenyewe? Hapana. Hapa ndipo penye kiini cha swali letu.

Mwaka 1985 wataalamu watatu, Terezinha Nunes, David Carraher na Analúcia Schliemann, walitangaza uchunguzi wao juu ya watoto watano wauzaji wa sokoni huko Recife, Brazil, wenye umri wa miaka 9 hadi 15. Waliwauliza kama wateja: nazi kadha ni bei gani, na chenji ni ngapi? Watoto walijibu sawasawa maswali 98 katika kila 100. Kisha wakawapa hesabu za namna ile ile, zimeandikwa tupu juu ya karatasi. Sasa walipata 37 tu katika kila 100. Mtoto aliyeulizwa bei ya nazi 10 hakuongeza sifuri kama afundishwavyo darasani. Alihesabu tatu tatu mpaka akafika, na akapata. Akili ilikuwa ile ile, na hesabu zilikuwa za namna moja. Kilichokosekana ni daraja kati ya soko na daftari.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa gemu. Mtoto aweza kupanga mishahara ya timu nzima jioni, na asubuhi akapewa sifuri katika hesabu za kutoa. Nasi twamwita mjinga, naye aamini. Hilo ndilo jambo linalotuuma kuliko wakati unaopotea. Mtoto anayo elimu mkononi asiyojua kwamba ni elimu, na waliopaswa kumwambia wamegawanyika: mmoja ampiga, mwingine hamtazami. Barazani yuko mzee wa kueleza, kibandani hakuna.

Pia mchezo haujui kusema kila kitu. Oregon Trail ulifundisha safari kwa macho ya mhamiaji, na kwa miaka mingi watoto waliucheza bila kuuliza ardhi ile waliyopita ilikuwa ya nani. Katika toleo jipya la mwaka 2021 watunzi waliwaita wanahistoria wa wenyeji asilia wa Marekani wawasahihishe. Tena katika mchezo aliyekufa huanza upya, na aliyeiba hakutani na mwenye mali kesho yake sokoni. Kuanza upya kuna faida yake, kwa kuwa mtoto hujaribu mara kumi bila aibu, jambo ambalo ni nadra kuliona mbele ya ubao. Lakini yapo makosa yasiyofutika, na hayo mtoto huambiwa na mtu aliye hai. Wala tusifiche madhara: Shirika la Afya Duniani limeingiza uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, inayotumika tangu mwaka 2022. Mtoto asiyelala, asiyekula na aliyeacha rafiki zake kwa ajili ya gemu ahitaji msaada, na fimbo haitamponya.

Tena, wasomaji, tazameni ndani ya vibanda hivyo. Wamejaa wavulana. Dada zao wako kisimani au jikoni. Ikiwa twakubali kwamba pana jambo la kujifunza, basi si haki kumpa mmoja wakati wa kucheza na mwenziwe ndoo. Hatusemi wasichana wapelekwe vibandani. Twasema kazi za nyumbani zigawanywe, na mchezo nao ugawanywe.

Tufanye nini basi? Twapendekeza machache. Kazi za shule na usingizi vipewe nafasi kwanza, na saa ya kucheza iwe na mwisho unaojulikana. Mzazi akae na mtoto japo mara moja kwa juma, atazame mchezo mpaka mwisho, kisha amwulize maswali matatu: Umeshindwa wapi, na kwa sababu gani? Umehesabuje? Katika hadithi hii, nani hakupewa nafasi ya kusema? Asiyejua gemu asiogope; mtoto hupenda sana kumfundisha mkubwa, na anayefundisha hujifunza mara mbili. Mwalimu naye aandike ubaoni jedwali la ligi wanalolijua watoto, awaonyeshe kwamba hesabu walizofanya jana kwa furaha ndizo hizi za leo. Walimu wa Shule ya Jumapili waweza kufanya vivyo hivyo wanapozungumza juu ya haki na hila.

Asiye na kifaa chochote nyumbani hajapungukiwa. Bao, kombolela na mpira wa makaratasi vina hesabu na sheria zake, na maswali yale matatu hufaa huko pia. Mtoto atacheza tu, tupende tusipende. Yaliyo juu yetu ni kukaa karibu naye, na siku akifanya jambo la akili, tumwambie: mwanangu, hii ndiyo hesabu.