Ihsani ya mwenye nyumba inatoka mfuko wa nani?

Leo naomba tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaoishi mjini tunalala nalo na kuamka nalo, lakini ni mara chache tunalipima kwa mizani ya dini yetu. Jambo lenyewe ni chumba cha kupanga.

Ukimsikiliza mpangaji, mwenye nyumba ni mtu anayekula bila kutoka jasho. Ukimsikiliza mwenye nyumba, mpangaji ni mtu anayeziba choo, anayechelewesha kodi na anayehama usiku. Mimi nimekaa pande zote mbili. Nilipanga kwa miaka 11 kabla sijapata pangu, na sasa ninasimamia nyumba aliyotuachia marehemu baba yetu pale Magomeni. Ni nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi za mitaa ile: vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na uani kuna banda la vyumba vitatu, choo, bafu na jiko. Jumla vyumba tisa, vyote vimepangishwa.

Mama alitangulia kabla ya baba, kwa hiyo warithi tulibaki wanne, wanaume wawili na wanawake wawili. Kwa mafungu ya mirathi nyumba ile ina sehemu sita: kaka yangu mkubwa na mimi sehemu mbili mbili, na dada zetu sehemu moja moja. Hatukutaka kuiuza. Tulikubaliana ipangishwe, mimi niwe msimamizi, na kila baada ya miezi sita tugawane kinachopatikana.

Mtu akisikia vyumba tisa kwa shilingi 60,000 kwa mwezi, haraka haraka anapiga hesabu ya 540,000 na kusema hawa wana neema. Hiyo ni hesabu ya mdomoni. Mara nyingi kuna chumba kimoja kitupu kinachosubiri mtu. Kuna gari la kunyonya choo, kuna ankara ya maji, kuna bati lililotoboka ambalo halisubiri mgao. Kwa wastani mwezi hubaki kama 420,000. Ukigawa mara sita, fungu moja ni 70,000. Hizo ndizo anazopata dada yangu mdogo aliyeko Tanga, na kwa hizo anaongezea mtaji wa vitumbua na kulipia mahitaji ya shule ya watoto. Naomba msomaji aishike namba hiyo, kwa sababu tutairudia.

Kusimamia vyumba ni kuamua mambo madogo madogo ya haki kila siku. Chukua umeme. Nyumba yetu ina mita moja ya LUKU. Huyu ana friji, yule ana taa moja na redio, na wote wanaambiwa wachange sawa. Je, huo ni uadilifu? Chukua pia kodi ya majengo. Mwaka 2021 serikali iliamua kodi hiyo ikusanywe kupitia LUKU, na ilipoanza ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi ile ni deni la mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Mwenye nyumba akinyamaza, wapangaji wanamlipia deni lake. Ni fedha ndogo, lakini aya ya 29 ya Suratun-Nisaa inayokataza tusiliane mali kwa batili haikuweka kiwango ambacho chini yake batili inaruhusiwa. Sisi tumeamua makato hayo yatoke kwenye kodi ya pango.

Halafu kuna kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Hapa kwetu Dar es Salaam mwenye nyumba anaiona kama kinga yake, na dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja juu yake. Kwa hiyo kijana anayeanza maisha anatakiwa kuwa na fedha za miezi saba mkononi kabla hajatandika mkeka. Wenzetu wa Nairobi na Mombasa wengi wao hulipa mwezi kwa mwezi pamoja na amana. Kumbe hii yetu ni mazoea, si lazima ya maumbile. Na kwa kuwa Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, sehemu kubwa ya mambo haya imeachwa kwenye mkataba na dhamiri ya mtu.

Sasa nije kwenye kisa kilichonifanya niandike.

Katika chumba kimoja cha mbele alikuwapo fundi uashi, mkewe na watoto wawili. Mwezi Januari alilipa 360,000, kodi ya miezi sita. Mwanzoni mwa Aprili alifariki dunia. Mkewe akaanza eda mle mle chumbani, miezi minne na siku kumi kama ilivyokuja katika aya ya 234 ya Suratul-Baqara. Ukihesabu utaona tatizo. Kodi inakwisha mwisho wa Juni, eda inakwisha katikati ya Agosti.

Kwanza, miezi ya Aprili, Mei na Juni. Zipo nyumba ambazo mpangaji akifa, baada ya arobaini familia inaambiwa itafute pa kwenda, kisha chumba kinapangishwa upya na kodi iliyobaki hairudi. Mwenye nyumba anasema aliyeandikiana naye amekufa. Tuseme wazi kwamba hiyo ni dhulma. Kodi si zawadi, ni thamani ya manufaa ya kukaa. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tuliyo nayo wengi wetu pwani hii, mkataba wa ijara hauvunjiki kwa kufa mpangaji, bali manufaa yaliyobaki yanarithiwa kama mali nyingine. Kwa Mahanafi mkataba unakwisha kwa kifo, lakini nao hawasemi kwamba mwenye nyumba abaki na fedha ya miezi ambayo haikukaliwa. Njia zote mbili zinafika mahali pamoja: huwezi kula kodi mara mbili kwa chumba kimoja. Hapo sikuwa na shida. Miezi ile ilikuwa ya warithi wa marehemu.

Shida ilianza Julai. Mwishoni mwa Juni nilikwenda na mke wangu. Mama yule akazungumza akiwa nyuma ya pazia la mlango, na shemeji yake akiwa amekaa ukumbini. Akasema, "Baba, fedha ya kodi sina. Naomba nimalize eda, kisha nitarudi kwetu Kondoa." Nikamjibu, "Kaa mama, usijali." Mke wangu alifurahi, shemeji mtu alinishika mkono kwa mikono miwili, nami nilitoka pale nikijiona nimefanya jambo. Mama yule alikaa Julai na Agosti, kisha akaondoka na wanawe.

Ulipofika wakati wa kugawana, kila mmoja alipata pungufu. Miezi miwili ni 120,000. Kwa mafungu sita, kila dada amepungukiwa 20,000, kaka 40,000, nami 40,000. Niliandika kwenye daftari, "msamaha wa mjane, miezi miwili." Dada yangu mdogo akanipigia simu kutoka Tanga.

"Kaka, yule mama sikatai kusaidiwa. Lakini mbona hukuniuliza?"

Nikamwambia ni jambo la kheri, na thawabu yake ni yetu sote.

Akasema, "Thawabu ya kitu ambacho sikukinuia? Ungeniuliza ningetoa. Sasa fedha umenichukulia, na nia yenyewe hukuniachia."

Ndugu msomaji, nilikaa na maneno yale kwa siku kadhaa. Mimi niliyekuwa tayari kumlaumu mwenye nyumba anayekula kodi mara mbili, nilikuwa nimechukua 20,000 za mwanamke anayekaanga vitumbua nikazifanya sadaka yangu. Aliyeshikwa mkono ukumbini ni mimi. Aliyelipa, kwa sehemu, ni yeye.

Katika aya ya 90 ya Suratun-Nahl tumeamrishwa uadilifu, kisha ihsani. Tunapenda sana kuzungumzia ihsani kwa sababu ina sura nzuri mbele za watu. Lakini uadilifu umetangulia kutajwa. Ihsani ni kutoa katika kilicho chako zaidi ya unachodaiwa. Ukitoa katika kilicho cha mwenzio bila idhini yake, hujafika kwenye ihsani, na njiani umevunja uadilifu. Wanazuoni wa fiqhi wameliweka wazi jambo hili katika milango ya uwakala na ushirika: wakili hatoi sadaka mali ya aliyemwakilisha, na mshirika hatoi bure fungu la mwenzake, ila kwa ruhusa. Nilikuwa nikiyajua hayo darasani. Sikuyajua pale mlangoni, mbele ya pazia.

Hata hivyo nataka niwe mwangalifu, kwa sababu kuna kosa la upande wa pili, na pengine hilo ndilo lililoenea zaidi. Ni la msimamizi anayejificha nyuma ya ndugu zake. Mpangaji mgonjwa akiomba wiki mbili, jibu ni, "Ningekuwa peke yangu ningekuachia, lakini nyumba ni ya familia." Ndugu hawakuulizwa, na wala hawataulizwa. Familia imegeuzwa ukuta. Mimi nilikuwa mkarimu kwa mfuko wa wengine, huyu ni bahili kwa jina la wengine. Sote wawili tumewanyima wenzetu haki moja, nayo ni haki ya kuulizwa.

Mtu atasema: je, mjane asubiri wakati ndugu wanatafutana kwa simu? Hapana. Msimamizi naye ana fungu lake. Kile nilichokuwa na mamlaka nacho bila kumuuliza mtu ni sehemu zangu mbili, ambazo kwa kawaida ni kama 140,000 kwa mwezi. Miezi ile miwili yote ilikuwa 120,000. Kumbe ningeweza kusema "kaa mama" kwa kinywa kile kile na kulipa kodi yake kutoka kwenye fungu langu, kisha nikawaeleza ndugu zangu, anayetaka kuchangia achangie. Huruma isingechelewa hata siku moja. Tofauti ingekuwa kwamba ingeniuma. Na nadhani hapo ndipo mahali pa kujipima. Huruma ambayo haikugusi mfukoni, ichunguze imetoka kwa nani.

Niliamua kurudisha. Nilitoa 80,000 katika fungu langu. Kaka akachukua 40,000 zake bila neno, na sina haki ya kumnung'unikia, kwani ihsani hailazimishwi. Dada mkubwa alisema amesamehe. Dada mdogo alipokea 20,000 zake, kisha akaniomba namba ya simu ya yule mama wa Kondoa. Baadaye nilisikia kwa shemeji mtu kwamba kuna mtu kutoka Tanga aliwatumia watoto fedha. Dada yangu mwenyewe hajalitaja jambo hilo mpaka leo.

Tangu hapo tumejiwekea utaratibu, nami nautaja kwa kuwa nyumba za urithi ni nyingi katika mitaa yetu na ugomvi wake tunaujua. Tumekubaliana, kwa ridhaa ya kila mmoja na kwa maandishi, kwamba katika kila mgao kitengwe kiasi cha dhiki kwa ajili ya mpangaji aliyefiwa, aliyeugua au aliyepoteza kazi. Asiyetaka kuchangia halazimiki. Tumeandika kwenye mkataba kwamba mpangaji akihama kabla ya muda kwa udhuru, kodi ya miezi ambayo hakukaa inarudishwa. Hapa tumezingatia mafundisho ya Mtume (s.a.w.) aliyowasifu wenye kumkubalia mwenzao kurudisha mauziano aliyoyajutia. Kila fedha inaandikiwa stakabadhi, na daftari linaonekana kwa warithi wote. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Haya hayajaondoa matatizo. Mwezi uliopita choo kimejaa tena, na mpangaji wa banda la uani bado anabishana na jirani yake juu ya friji. Lakini sasa nikisimama kwenye ukumbi ule na mtu akaniomba nimvumilie, kabla sijajibu najiuliza kwanza: nitakachompa ni changu? Na kama si changu, nimemuuliza mwenyewe?

Tumuombe Allah (s.w.) atujaalie uadilifu katika amana tulizopewa, na ihsani katika vile vilivyo vyetu kweli.

Wabillahi tawfiiq.