Tiba Isiyoponya

Makande ni chakula cha kila siku huko Upare. Lakini wako wazee, na hata vijana, ambao hawawezi tena kuyameza. Kwanza nyama hukwama, kisha ugali, kisha uji, na mwisho hata maji. Mara nyingi chanzo chake ni saratani ya umio, iliyo nyingi katika nchi za mashariki ya Afrika, toka Ethiopia hadi Afrika Kusini. Toka Same hadi hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, ni kilomita 100 hivi; na wagonjwa wengi wa maradhi haya hufika hospitali wakati upasuaji hauwezi tena kuwaponya.

Hata hapo daktari ana la kufanya. Huweza kuingiza stenti, yaani kijibomba cha waya kinachojitanua ndani ya umio. Hospitali ya Tenwek, huko Bomet, Kenya, imewatilia wagonjwa wengi sana, hata bila picha za eksirei. Lakini kazi hii ina hatari zake. Njia huweza kuwa nyembamba hata kamera isipite, na kuipanua huweza kuutoboa umio. Stenti nayo huweza kuteleza, au kuzibwa na tonge, au uvimbe ukaota juu ya ncha zake.

Je, yafaa jamaa watoe fedha kwa tiba isiyoponya? Wako wasemao kwamba ni kumwaga maji mchangani. Sisi twakataa. Mtu anayekula pamoja na wanawe, ijapokuwa kwa miezi michache, amerudishiwa heshima yake mezani, na hafi kwa njaa na kiu.

Hata hivyo, hakuna anayelazimishwa. Papa Pius XII alifundisha mwaka 1957 kwamba twawajibika kutumia njia za kawaida, zisizotulemea mno sisi wala wenzetu. Kwa hiyo jamaa wasiuze shamba la watoto kwa kudanganywa kwamba huko ni kupona. Mgonjwa aambiwe kweli, naye aulizwe kwanza.

Tena tusingoje. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitamka kwamba vinywaji vilivyopita nyuzi 65 za joto yamkini huleta saratani ya umio. Basi chai ipoe kidogo. Na tonge la kwanza likikwama mara kwa mara, twende hospitali siku hizo hizo.