Mimba Iliyo Nje ya Mji Wake: Je, Kuiondoa Ni Kuua?

Ametujia ndugu mmoja na swali, naye aliliuliza kwa machozi. Mkewe, mwenye mimba ya majuma saba, alishikwa na maumivu upande mmoja wa tumbo, akazimia. Alichukuliwa hospitali, akapasuliwa, mimba ikaondolewa. Sasa jamaa wamwambia: "Wewe umetia sahihi mwanao auawe." Je, ana dhambi?

Twajibu, na taufiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu. Hukumu ya jambo haitolewi ila baada ya kulifahamu jambo lenyewe. Mbegu ya mume hukutana na yai la mke ndani ya mrija, si ndani ya mji wa mimba. Tone hilo hugawanyika huku likisafiri, na baada ya kiasi cha siku 5 hufika katika mji. Siku ya 6 au ya 7 huanza kujishikiza katika ukuta wake, mahali Mola alipopatengeneza kwa kulilea. Lakini katika kila mimba 100, moja au mbili hujishikiza pasipo pake, na nyingi katika hizo hubaki mrijani. Mrija ni mwembamba, hautanuki kama mji wa mimba. Mimba ikikua mrija hupasuka, damu ikamwagika tumboni, na mama aweza kufa kwa saa chache. Wala hapana tabibu leo awezaye kuihamisha mimba hiyo ikaishi.

Maradhi haya si mageni katika vitabu vyetu. Abul-Qasim az-Zahrawi wa Qurtuba, aliyefariki karibu na mwaka 1013, aliandika habari za mwanamke ambaye mifupa ya mtoto aliyekufa tumboni ilitokea katika jipu la kitovuni. Zamani matabibu hawakuwa na hila. Mwaka 1883, katika mji wa Birmingham, Uingereza, Lawson Tait alimpasua mwanamke ambaye mrija wake umepasuka, naye akapona. Leo mimba hiyo ikijulikana mapema, huenda dawa ikatosha bila ya kisu.

Hao wasemao "ameua" wadhani palikuwa na roho mbili, ikachaguliwa moja. Sivyo. Mimba ya mrijani haikuwa na njia ya kuzaliwa. Lililobaki ni kufa mmoja au kufa wawili. Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Al-Azhar tangu 1958 hadi 1963, aliona kuwa mama huokolewa hata mimba ikiwa imekwisha kutiwa roho, kwani yeye ndiye shina. Seuze mimba ambayo haijafika siku 120!

Hatusemi kuwa mimba ni kitu duni, wala hatumfungulii mlango aitoaye kwa kuogopa haya au ufukara. Twasema kuwa mwenye kuulizwa mbele ya Mungu ni yule amwonaye mke akitokwa na damu, kizunguzungu kimemshika, maumivu yamempanda mpaka begani, naye asema: "Tumngoje mumewe arudi safari." Huko si kutawakali; ni kuitupa amana.

Ama wewe ndugu yetu, huna dhambi. Una msiba, na msiba una subira yake na thawabu zake. Rudi kwa mkeo umliwaze, kwani naye amefiwa.

Wallahu aalam.