Mitungi Sita ya Myombekere



Katika parokia zetu za kando ya Ziwa Victoria, tangu Magu hata Sengerema, tangu Misungwi hata visiwa vya Ukerewe, padre akikaa kusikiliza shida za watu hukutana mara nyingi na shida moja isiyosemwa kwa sauti kubwa. Mume na mke walifunga ndoa mbele ya altare, miaka ikapita, nao hawakujaliwa mtoto. Mwanzoni majirani huuliza kwa upole. Baadaye mawifi huanza kunong'ona, mashangazi huitana kikao, na mwishowe neno hutamkwa waziwazi: "Mti usiozaa, wa nini kuendelea kuulimia?" Mume hushauriwa amrudishe mkewe kwao, au atafute mwingine kwa siri. Tena wapo, kwa huzuni yetu, waliolifuata shauri hilo, ambao leo hukaa nyuma kabisa kanisani na wala hawasogei Mezani pa Bwana.

Juma hili twataka kusema na nyumba za namna hiyo, na jamaa zinazozizunguka. Hatutakwenda mbali kutafuta mfano, maana tunao hapa hapa ziwani.

Mwaka 1896 alizaliwa Aniceti Kitereza, mtu wa ukoo wa watawala wa Ukerewe. Baba yake alikufa yeye akiwa mtoto. Alisomeshwa na Mapadre Weupe katika misioni ya Kagunguli, akabatizwa, kisha akapelekwa seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, ambako alikaa miaka mingi akijifunza Kilatini na elimu nyingine. Mwaka 1919 alitoka seminarini pasipo kuwa padre. Wengine wakitoka huko hujiona wamekwisha, nao huishi kwa uchungu. Aniceti hakufanya hivyo. Alimwoa Anna Katura, akafanya kazi kwa mikono na kwa kalamu, akawa katekista na mfasiri akiitumikia misioni ile ile iliyomlea. Yeye na Anna walijaliwa watoto, lakini watoto hao walikufa wadogo. Nyumba ikabaki kimya. Hata hivyo Aniceti hakumwacha Anna, wala hakuongeza mke wa pili, ingawa desturi ya nchi ingemruhusu na watu wasingemshangaa.

Mtu huyu ndiye aliyeandika, kwa Kikerewe, kile kitabu kikubwa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, pamoja na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali. Padre Almas Simard wa Mapadre Weupe alimtia moyo katika kazi hiyo, na mwaka 1945 ilikuwa imekamilika. Habari zake ni za Ukerewe ya zamani, kabla ya kuja kwa wageni. Myombekere na mkewe hawana mtoto. Ndugu za mume wanamtukana Bugonoka na kumtaka Myombekere aoe mwingine. Wazazi wa Bugonoka wanaposikia matusi hayo wanakuja kumchukua binti yao na kumrudisha kwao. Basi Myombekere anabaki peke yake, pasipo mtu wa kumpikia wala wa kuongea naye. Afanye nini? Ndugu wana jibu lao tayari. Yeye anakataa. Anafunga safari kwenda ukweni kumwomba mkewe, na wakwe wanampa sharti: alete mitungi sita ya pombe ya ndizi, ndipo arudishiwe mke.

Msomaji aliyewahi kupika pombe ya ndizi anajua maana yake. Ndizi zitafutwe, zivundikwe mpaka ziive, zikamuliwe maji yake, utiwe unga, ingojewe ichachuke. Tena kujaza mitungi sita si kazi ya mikono miwili tu. Myombekere angeweza kusema, "Mahari nilikwisha kulipa, mke ni wangu, matusi yalisemwa na ndugu zangu, si mimi." Hakusema hivyo. Alilipa faini ya maneno ambayo hakuyatamka yeye, kwa sababu aliyeumizwa nayo alikuwa mkewe.

Enyi waume Wakristo, hapa tusimame kidogo. Wengi hudhani kwamba mahari ikikwisha kukabidhiwa, deni limekwisha. Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Waefeso, anawaagiza waume wawapende wake zao kwa namna ile ile ambayo Kristo alilipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Kujitoa huko hakumaliziki siku ya arusi. Kila ndugu yako anapomsema mkeo nawe ukanyamaza, umejiongezea deni; na kila unaposimama mbele ya ukoo na kusema, "Huyu ni mke wangu, anayemtukana yeye amenitukana mimi," umejaza mtungi mmoja. Katika Maandiko, Elkana alimwona mkewe Hana akilia kwa ajili ya utasa, asiweze hata kula, akamuuliza kama yeye mumewe hakumfaa kuliko wana kumi. Neno jema hilo. Lakini tusisahau ya kuwa aliyekuwa akimchokoza Hana hata kumliza alikuwa Penina, mke mwenzake. Nyumba iliyotafuta dawa ya utasa kwa kuongeza mke ilijipatia jeraha jingine.

Mafundisho ya Kanisa katika jambo hili hayana giza. Sheria ya Kanisa yasema kwamba utasa haukatazi ndoa wala hauibatilishi. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, iliyotolewa mwaka 1965, ulifundisha ya kuwa ndoa haikuwekwa kwa ajili ya kuzaa tu. Hata watoto wanaotamaniwa sana wasipopatikana, ndoa inadumu kuwa ushirika wa maisha mazima, na thamani yake haipungui. Basi anayemwambia mume amwache mke asiyezaa hampi shauri la busara ya wazee. Anamshauri kuvunja kile alichokifunga Mungu.

Tena tuseme lililo kweli, ingawa wengine hawapendi kulisikia: utasa si wa mwanamke peke yake. Mara nyingi chanzo chake kimo kwa mume, na mara nyingine kwa wote wawili. Kwa hiyo waende hospitali wote wawili, pamoja, siku moja, mume asimtume mke kama mtu anayepeleka chombo kutengenezwa. Wala wasikimbilie wapiga ramli, ambao kazi yao ni kumtaja shangazi au jirani kuwa mchawi. Wala wahubiri wanaouza maji na mafuta kwa ahadi ya mtoto. Baraka ya Mungu haina bei sokoni.

Hapo twafikia jambo zito kuliko yote katika habari hii. Kitabuni, Myombekere na Bugonoka mwishowe walipata mwana na binti. Majina ya watoto hao yanabeba machozi ya nyumba yao, maana Ntulanalwo ni kusema kwamba mauti ni pamoja nami daima, na Bulihwali ni kuuliza huzuni itakwisha lini. Lakini nyumbani kwake mwenyewe, mwandishi hakubakiwa na mtoto. Aliandika furaha ambayo yeye na Anna hawakuionja katika uzee wao, akaiandika pasipo wivu na pasipo kumnung'unikia Mungu. Mwasema, "Mvumilivu hula mbivu." Ndivyo, mara nyingi. Lakini Mkristo huvumilia hata pale asipoona mti wenye matunda mbele yake. Elisabeti alizaa katika uzee. Wengine hawakuzaa kabisa, nao ni watakatifu mbinguni. Tukimpenda Mungu kwa sharti la kupewa, tumekuwa wachuuzi, si wana.

Lipo na jambo la pili alilotufundisha mzee huyu. Alijua Kilatini, alijua Kiswahili, alisoma vitabu vya Ulaya. Na alipotaka kuandika kazi kubwa ya maisha yake, alichagua lugha ya mama yake. Aliandika jinsi watu walivyosalimiana, walivyovua, walivyowinda viboko, walivyowauguza wagonjwa na kuwazika wafu, ili vijana wasije wakapotewa na asili yao. Siku hizi katika mitaa ya Mwanza wapo watoto ambao wakipelekwa likizo kwa bibi yao kisiwani huhitaji mtu wa kuwatafsiria. Wazazi wengine hujivunia jambo hilo, kana kwamba ni dalili ya maendeleo. Mtume Petro, mvuvi wa ziwa kama wengi wenu, alitambulikana uani kwa kuhani mkuu kwa usemi wake wa Kigalilaya. Kinywa kilipokuwa kikimkana Bwana, usemi ule ulimshuhudia yu mtu wa nani. Mtu akijua atokako, hata akianguka anajua pa kurudi.

Wala hatusemi haya ili kuchochea ukabila, au kwamba kila desturi ya zamani ishikwe. Ramli na uchawi tumezikana katika Ubatizo. Aniceti mwenyewe, kitabu cha Kikerewe kilipokosa mchapaji, alihimizwa na Wamarekani wawili, Gerald na Charlotte Hartwig, naye akakifasiri kwa Kiswahili, ili Mtanzania wa kila kabila akisome. Alikuwa mzee wakati huo. Kitabu kilichapwa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika. Naye alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi. Baadaye kilifasiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 kikatoka kwa Kiingereza, kwa kazi ya Gabriel Ruhumbika, mzaliwa wa Ukerewe. Mtu aliyedhaniwa hana uzao sasa anasomwa na watu ambao hakuwajua.

Ndugu wasomaji, uvumilivu wa miaka 35 hauishiwi kwa mkupuo. Huishiwa siku kwa siku. Kwa hiyo twawapa shauri dogo. Jioni, kabla ya sala za pamoja, baba na mama wajiulize maswali matatu. Je, leo nimemtetea mwenzangu, au nimenyamaza aliposemwa? Je, leo nimewapa watoto wa nyumba hii neno moja la wazee wetu, na moja la Injili? Je, leo nimeifanya kazi yangu vema, hata kama hakuna aliyeniona? Nyumba isiyo na watoto nayo iyaulize, maana watoto wa nyumba hii si wa tumbo tu. Kuna yatima mwaloni, kuna mtoto wa ndugu asiye na karo, kuna darasa la katekisimu lisilo na mwalimu.

Nanyi mawifi, mashemeji na wakwe, neno letu la mwisho ni kwenu. Kabla hamjaitana kikao juu ya tumbo la mwanamke asiye na mtoto, kumbukeni kwamba siku ya arusi yake mlikuwako kanisani, mkashuhudia. Mkiwa na jambo la kumwambia, mpelekeeni kwanza mtungi wa maji aliochotewa na mikono yenu, mkae naye, mkamwulize hali.

Mama Bikira Maria, aliyemwendea Elisabeti mlimani akakaa naye miezi mitatu, aziombee nyumba zetu.