Ile kumi na tano

Wifi yangu hakuwa na kawaida ya kuja kwangu mikono mitupu. Kwake ni chini ya kwangu, mwendo wa dakika 20 za kupanda, na kila akifika ana kitu: ndizi, maharage mabichi ya kuchanganya kwenye makande, au tangawizi iliyofungwa kwenye kipande cha kanga, udongo wake bado haujakauka. Ni mjane wa kaka yangu. Tumezaliwa mwaka mmoja, 1964, na wote tumezeekea hapa Mamba, Upare Kusini. Mimi nilishika chaki, yeye akashika jembe.

Nilistaafu ualimu mwishoni mwa Septemba 2024. Pensheni ilipoanza kuingia nikawa namtengea 30,000 kila mwezi. Nazikunja noti, namtia mkononi tukiagana mlangoni, haraka haraka, huku nikizungumzia mvua. Mwezi wa tano au wa sita hakufumba mkono. Noti zikakaa pale kiganjani, akazitazama, akasema, "Wifi, hii ni sadaka, au ni yangu?"

"Ni yako, chukua."

"Sijauliza nichukue au nisichukue. Nimeuliza ni ya nani."

Akazichukua, maana alikuwa na deni la dawa, akashuka. Mimi nikabaki mlangoni hadi giza likaingia. Nimefundisha hisabati zaidi ya miaka 36, na swali la mtu mmoja aliyeishia darasa la saba lilinishinda.

Siku zile nilikuwa na swali jingine mezani, na sikujua kwamba yatakutana. Sisi ni Waadventista Wasabato. Imani hiyo ilipanda milima hii mwaka 1903, Wajerumani wawili, Ehlers na Enns, walipofungua kituo chao Giti, na nyumbani kwetu zaka haikuwa somo la kufundishwa. Tulikua nayo kama tulivyokua na kunawa mikono. Katika kazi yangu yote nilitoa zaka kwa mshahara kamili, kabla ya makato. Sasa pensheni: niitolee zaka tena, au nilishaitolea? Nilimwendea mhazini wa kanisa. Akanijibu kwa namna iliyonifurahisha kama mwalimu: "Ile uliyokatwa wewe ulishaitolea. Ile aliyokuwekea mwajiri haikuwahi kupita mkononi mwako, hiyo hujaitolea. Nenda kazitenganishe."

Nikachukua karatasi. Sheria ya mfuko wetu wa watumishi wa umma, PSSSF, iko wazi: kila mwezi inakwenda asilimia 20 ya mshahara, 5 kutoka kwa mtumishi na 15 kutoka kwa mwajiri. Mara tatu ya yangu! Nilikuwa nikiiona kwenye hati ya mshahara miaka yote bila kuisoma. Kisha nikakumbuka kwamba nilianza kazi Januari 1988, na wakati ule hatukukatwa kitu. Watumishi wa serikali kuu tulianza kuchangia baada ya sheria ya 1999 iliyoleta mfuko wa PSPF. Kikokotoo cha pensheni kimenihesabia miezi 441. Katika hiyo, kama miezi 138 ya mwanzo sikuchangia hata senti, na bado inahesabiwa sawa na mingine. Mifuko ilipounganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018, serikali ilikuwa bado inadaiwa deni la miaka hiyo, na ilikuja kulilipa kwa hatifungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2.

Zaka nikaitoa, mhazini akaandika stakabadhi. Lakini karatasi sikuitupa. Ile 5 ni yangu, hilo nina uhakika nalo mbele ya Mungu na mbele ya watu. Ile 15 ni ya nani?

Nawajua wenzangu watakavyojibu, kwa sababu hata mimi nilijibu hivyo kwa miaka. Mwaka 2018 kanuni mpya zilipotaka mkupuo, ile sehemu ya pensheni inayolipwa mara moja mtu akistaafu, ushuke hadi asilimia 25, walimu tulilia nchi nzima, na Desemba ile Rais Magufuli akazisimamisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Tukalia tena. Bajeti ya 2024 ikapandisha hadi 40 kwa sisi tuliokuwa tukitazamia nusu, na hiyo ndiyo niliyopimiwa. Kilio chetu kilikuwa kimoja: hatuombi hisani, ni jasho letu. Nilikisema kwa moyo wote na leo bado nakiamini. Pensheni ni mshahara uliocheleweshwa. Sheria ya Musa inakataza ujira wa kibarua kulala kwa bwana wake hadi asubuhi. Huu wa kwetu umelala miaka 36. Mwenye haki anapoambiwa achukue kidogo sasa na kingi kidogo kidogo baadaye, ni haki yake kuuliza nani ameamua hivyo, hata kama hesabu ya mwezi kwa mwezi inapanda kidogo mkupuo unapopungua. Katika mkupuo kikokotoo kinazidisha kwa miaka 12.5, kama kwamba nitafika 72 na nusu. Zaburi ya Musa inatupa 70, na 80 kwa wenye nguvu. Nilipoiona ile 12.5 nilinyamaza kidogo. Si rahisi kuona siku zako zimeandikwa kwa desimali.

Basi ni jasho. Lakini jasho la nani?

Mwenye duka akimwekea karani wake akiba, anaitoa kwenye faida ya duka. Serikali haina duka. Asilimia 15 yangu ilitoka Hazina, na Hazina hujazwa na watu. Wifi yangu hajawahi kuwa na hati ya mshahara, lakini ameezeka bati akalipa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, kwenye kila bati na kila mfuko wa simenti. Anailipa kwenye sabuni. Kila gunia la tangawizi linaloshuka Same limelipa kodi ya mafuta ndani ya nauli. Akiweka muda wa maongezi kumpigia mwanawe Dar es Salaam, analipa. Ushuru wa mazao nauacha kando, maana huo ni wa halmashauri; hata bila huo hesabu inatosha. Kwa miaka ile 138, nisamehewe, miezi ile 138 ambayo mimi sikuchangia chochote, yeye alikuwa tayari analima, anauza na ananunua. Kwa hiyo ndani ya uzee wangu kuna mchango wake, na ndani ya uzee wake hakuna mchango wa mtu.

Na si hayo tu. Mfuko hauachi fedha zilale, unaziwekeza, na mojawapo ya mahali ulipowekeza ni kiwanda cha tangawizi cha hapahapa Mamba Myamba, kwa ubia na ushirika wa wakulima. Nilipita hapo barabarani juzi nikasimama. Akiba yangu imo mle ndani, katika mashine, ikingoja tangawizi ya wifi yangu ili izae. Nasema hivi nikiufurahia uwekezaji huo, maana soko la tangawizi limewatesa sana watu wa huku. Ila sijui namna ya kulitazama jengo lile halafu niseme kwamba uzee wangu na uzee wake ni mambo mawili.

Nilipeleka swali hili, la mwenye pensheni na mkulima asiye nayo, kwenye darasa letu la Shule ya Sabato, bila kumtaja mtu. Ndugu mmoja akajibu kwa mfano wa shamba la mizabibu: walioingia asubuhi na walioingia saa kumi na moja walipata dinari moja, kwa hiyo Mungu ni mwema, na wenye kitu wawe wema. Wengi wakaitikia. Mimi sikutulia. Katika mfano ule mwenye shamba anamwambia mmoja wa wanaonung'unika kwamba mali ni yake na ana hiari nayo. Ni kweli, ni yake. Hazina si ya bwana yeyote. Ukiifanya pensheni ya mkulima kuwa wema wa mwenye shamba, umekwisha kumwambia kwamba shamba si lake.

Andiko lililonishika liko kwingine, katika Kumbukumbu la Torati 14, ile tunayoiita zaka ya pili. Mlawi hakupewa shamba. Kazi yake ilikuwa huduma, kama yangu, na Hesabu 8 inasema akifika miaka 50 anatua mzigo wa kazi ya hema. Alikula kutoka kwa waliolima. Lakini kila mwaka wa tatu zaka ya mavuno iliwekwa ndani ya malango ya mji, na Torati inawataja watakaoila kwa pumzi moja: Mlawi, mgeni, yatima, mjane. Ghala moja. Katika zaka hiyo haikuwepo hazina ya Mlawi yenye haki na bakuli la mjane lenye huruma. Nimesoma sura hiyo tangu utoto, na ni juzi tu nimeona kwamba mimi na wifi yangu tumo ndani ya mstari mmoja.

Ipo hoja nzito dhidi yangu, na sitaki kuipita. Mwaka 2017 watumishi 9,932 waliondolewa kazini kwa vyeti vya kughushi. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akaelekeza warudishiwe michango yao. Walichorudishiwa ni kile walichokatwa wao, ile sehemu ya mfanyakazi. Sehemu ya mwajiri haikwenda kwao. Mtu anaweza kusema: unaona, pensheni inategemea kazi ya halali ndani ya mkataba, na wifi yako hakuwa na mkataba na mtu. Mimi nauona uamuzi ule tofauti. Ulisema kwamba hata aliyedanganya, jasho lake ni lake na haliliwi. Na ulisema kwamba ile 15 ni ya umma, umma ukiwa na sababu unaweza kuielekeza. Kama ni ya umma, basi wifi yangu ni umma.

Wengine husema pensheni ya mkulima ni watoto wake. Paulo mwenyewe, akimwandikia Timotheo juu ya wajane wa kuandikwa kwenye orodha, anaanza na watoto na wajukuu. Sawa. Mtoto mkubwa wa wifi anaendesha bodaboda ya mtu, na wa pili ndiye anayepigiwa simu ile ya Dar es Salaam. Wanatuma wakipata. Lakini mimi pia nina watoto, na hakuna aliyeniambia kwamba kwa kuwa ninao nisipewe pensheni.

Upo mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, na nimeona nyumba ambazo umeziinua. Wifi hakutaka jina lake lisomwe mkutanoni. "Mimi si maskini," alisema, "mimi nimechoka." Upo pia uchangiaji wa hiari wa NSSF kwa wakulima, na vijana nawahimiza waingie leo, ila pensheni inadai michango ya miezi 180, na mwenye miaka 60 hana miezi 180 ya kuchezea.

Watu wa milima hii tumewahi kusimama mahali kama hapa. Mkoloni wa Kiingereza alileta mbiru, kodi ya kumkadiria kila mtu mali yake, na mwaka 1945 wanaume kwa maelfu waliteremka Same wakaketi kwenye boma siku baada ya siku. Baadaye wanawake nao wakaandamana, hadi mbiru ikaondolewa. Profesa Isaria Kimambo ameiandikia kitabu. Babu yangu alikuwa miongoni mwa walioteremka, na alikuwa akitusisitizia kwamba hawakukataa kutoa. Walikataa kukadiriwa na mtu asiyewaeleza amehesabu nini. Anayetoa ana haki ya kuuliza.

Ng'ambo ya maji, Zanzibar, waliuliza wakajibu. Tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 na zaidi alianza kupata 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000, naye haulizwi alikuwa karani au mvuvi. Kenya nayo inawalipa wazee wa miaka 70 shilingi zao 2,000 kwa mwezi. Si fedha nyingi. Lakini mzee haombi, anakwenda kuchukua. Huku bara tumekuwa na Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na pensheni ya wazee wote bado ni ahadi. Sisi wastaafu wa umma, wenye vyama na sauti, tuliopigania mkupuo wetu mpaka ukarudi kutoka 33 hadi 40, tungeweza kulibeba jambo hili. Hatujalibeba. Mimi sijalibeba.

Siku moja nilishuka kwake na ile karatasi. Alikuwa anachagua mbegu za tangawizi, akaacha, akapangusa mikono, akaisoma mstari kwa mstari kwa kidole. Alipofika kwenye kodi ya mafuta akainua uso. "Kumbe hata ile nauli?"

"Hata ile."

Akanirudishia karatasi, akaendelea na mbegu.

Mwezi uliofuata alipanda kwangu siku ileile ya kawaida. Hakuwa na ndizi wala tangawizi. Alikaa kwenye kiti, si kwenye kizingiti kama alivyozoea, akanywa chai, na nilipoleta noti sikuzikunja. Akazihesabu moja moja juu ya meza, akazifunga kwenye pindo la kanga, kisha akasogeza kikombe nimwongezee.