Mtutu Wenye Mifuo Mdomoni

Mjukuu wangu, jana jioni ulipolifungua lile gunia la pamba ukanionesha gobole, sikutaka kusema mbele ya wenzako. Nilitia kidole cha mwisho kwenye mdomo wa mtutu nikapapasa. Nikagusa mikwaruzo mitano, mmoja mrefu, mingine mifupi, na unga wa chuma ukabaki kwenye ncha ya kidole. Hiyo ni kazi ya tupa. Fundi amekuambia ametia mifuo, kwamba gobole sasa ni raifo, na kwamba ukifika nalo Geita utapata kazi ya kulinda duara, shimo la wachimbaji wa dhahabu. Nisikilize kabla hujapanda basi.

Mifuo ya kweli huchongwa ikizunguka ndani ya mtutu kama nyuzi za skrubu. Risasi ikipita humo huzungushwa kama pia, na pia ikizunguka haianguki. Ndiyo maana raifo hulenga mbali. Lakini marisau ukiyapitisha kwenye mtutu wenye mifuo mwanzo hadi mwisho, chembe hutawanyika, zikaacha uwazi katikati na kanga akapita salama. Kwa hiyo mwindaji wa zamani alibeba bunduki mbili, au alimlipa mtu ambebee ya pili.

Mwaka 1885 afisa wa jeshi la Uingereza aliyetumikia India, George Vincent Fosbery, alipata hataza ya wazo ambalo mimi hulistahi mpaka leo. Aliuacha mtutu laini karibu wote, akaweka mifuo inchi chache tu za mwisho, pale mdomoni. Marisau yakapita bila kuvurugika sana. Risasi moja nzito, ya gramu 48 hivi kwa geji 12, ilishikwa na mifuo ile mwishoni kabisa ikatoka inazunguka. Holland & Holland, watengeneza bunduki wa London, wakaanza kuiuza bunduki hiyo mwaka 1886 kwa jina la Paradox. Hadi kama mita 90 ilimtosha mtu atembeaye porini, India au Afrika, asiyejua kichakani ataibuka kwale au chui. Baadaye ilikuja baruti isiyo na moshi na raifo zenye nguvu zaidi, nayo ikabaki ya wachache. Lakini wazo halikufa: sheria ya silaha ya Urusi iliwahi kuihesabu bunduki kuwa ya mtutu laini hata ikiwa na mifuo, mradi sehemu yenye mifuo isizidi milimita 140.

Sasa tazama huku kwetu. Mtemi Mirambo alifariki mwaka 1884, mwaka mmoja kabla ya hataza ile, na nguvu zake na za rugaruga, wapiganaji wake, zilitegemea sana bunduki zilizopanda kutoka pwani kwa biashara ya pembe za ndovu. Miaka sita baadaye, mwaka 1890, mataifa ya Ulaya yalitia saini mkataba Brussels. Kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, Mhunze yetu hapa ikiwamo, walizuia raifo na silaha za kisasa zisimfikie Mwafrika. Walichoruhusu ni gumegume la mtutu laini na baruti hafifu. Mifuo ndiyo iliyokuwa mpaka kati ya mtawala na mtawaliwa. Hilo linaniuma, na nakuelewa unapotamani kuwa nayo.

Lakini mjukuu wangu, ulichonacho sicho. Paradox ilitengenezwa kwa chuma kilichojaribiwa kwa baruti nzito kabla ya kuuzwa, na risasi yake ilipimwa ikaoana na mtutu. Gobole lako ni bomba lililochomelewa kitako. Niliuona mshono wake, una kutu na ufa mwembamba kama unywele. Tupa haikuongeza kitu. Imepunguza unene wa chuma pale mdomoni, na ule ufa wa mshono uko karibu na shavu lako. Tena Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni kwa mwenye silaha, na kwa anayeitengeneza pia. Wewe huna, na fundi wako hana.

Miaka ya 1980 nilikuwa sungusungu. Mwano, yowe la hatari, ukipigwa usiku tulitoka na pinde na filimbi, kijiji kizima, na ng'ombe walirudi. Kazi ya ulinzi naijua, sikukatazi. Duara likihitaji bunduki, mwenye duara aajiri kampuni yenye vibali, nawe uombe kazi huko ufundishwe.

Usilijaribu gobole hilo tena, hata porini. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwako. Tutapita kwa mtendaji kwanza, kisha kituo cha polisi, tulisalimishe. Nitalibeba mimi.