Ndege Mwenye Ghala

Somo: Mathayo 6:25–34, Mwanzo 41

Kila tukifika Mathayo 6 kuna mtu huniuliza, "Pastor, si Yesu alisema ndege hawakusanyi ghalani? Mbona unatuhimiza tuweke akiba?"

Wacha nijibu kwa ndege. Huko California, Marekani, na kushuka hadi Mexico, kuna kigong'ota anayeishi kwenye mialoni, miti ya jamii ile ya Mamre alipokaa Abrahamu. Mgongo mweusi, utosi mwekundu, jicho jeupe kama mtu aliyeshtuka. Huyo ana ghala! Hutoboa gome nene, tundu moja kwa tunda moja la mwaloni, akalishindilia kwa mdomo mpaka likaze. Mti mmoja waweza kuwa na matundu hata 50,000, kazi ya vizazi. Tunda likikauka linasinyaa na kulegea, basi analihamishia tundu dogo zaidi. Mimi nimesomea biashara, na sijaona watu wakikagua stoki namna hiyo.

Lakini ghala si la ndege mmoja. Wanaishi kikundi, na watoto waliokua hubaki kulea wadogo zao. Wote wanajaza, wote wanalinda, wote wanakula. Tajiri wa Luka 12 pia alikuwa na ghala, na ghala halikuwa shida. Hebu isome tena nyumbani, uhesabu mara ngapi anasema "yangu."

Yesu alikataza kusumbuka, hakukataza kazi. Yusufu aliweka nafaka miaka 7, Misri ikala. Sisi tunasema "Mungu atafungua mlango," halafu Januari tunakopa kwa simu usiku, tukijificha hata mke asijue. Hiyo si imani, ndiyo kusumbuka kwenyewe!

Mialoni isipozaa na ghala likaisha, vigong'ota huhama. Hapa kwetu pia kuna nyumba zimepigwa kufuli na mwenye ploti kwa kodi ya miezi miwili, na jirani wa kiti kanisani hana habari.

Kwa hivyo mfuko wa ustawi unaanza sasa, hatungoji Januari. Kila kikundi cha nyumbani kilete kidogo kidogo, hata shilingi 50. Daftari liko kwa mama mweka hazina, na litasomwa mbele ya wote Jumapili ya kwanza ya kila mwezi.